Bweni la juu ya duka: kisa cha vijana wa maduka ya vitambaa London

Mwaka 1894 hivi, London, binti wa miaka 21 kanunua samaki na chipsi za peni moja, kafungiwa kwenye gazeti kama ilivyokuwa kawaida enzi hizo, anatembea maeneo ya Fitzroy Square anakula huku anasoma lile gazeti. Katikati ya mafuta kuna barua ya katibu wa chama cha wafanyakazi wa maduka, jamaa anaitwa James Macpherson, anawaambia vijana wa maduka wajiunge chama wapambane na hali mbovu ya kazi zao. Binti akaona huyu mtu ananisema mimi. Yeye mwenyewe alikuwa anapiga kama masaa 65 kwa wiki, mwaka mzima anapata kati ya pauni 15 na 25, analala kwa bosi, anakula kwa bosi. Akajiunga chap.

Huyo ni Margaret Bondfield, tutarudi kwake. Mi kilichonikamata ni tarehe. Maana miaka 50 nyuma, tarehe 6 Juni 1844, hapo hapo London, vijana 12 walikutana kwenye chumba cha kulala cha juu ya duka la vitambaa, pale St Paul's Churchyard namba 72, wakaanzisha chama kwa ajili ya vijana wa maduka. Chama chenyewe unakijua, ni YMCA, chama cha Kikristo cha vijana wa kiume. Ile ile ambayo ukifika Moshi au Nairobi ukauliza chumba cha bei nafuu watu wanakuelekeza. Wengi tunadhani ilianzishwa na wamishenari au maaskofu huko, kumbe ni vijana wa kaunta, watu wa kupima vitambaa na kufunga mizigo.

Sasa swali langu ni hili. Kama 1844 tatizo lilishaonekana, watu wema walishajitokeza na matajiri walishatoa hela, imekuwaje 1894 binti bado yuko kwenye bweni la aina ile ile? Nusu karne! Nimelizungusha sana kichwani, na nadhani jibu liko kwenye kitanda.

Ngoja nieleze mfumo kwanza. Maduka makubwa ya vitambaa, nguo na mapambo England yalikuwa na utaratibu wa kuwalaza wafanyakazi. Hukodi chumba mtaani, unapewa kitanda ghorofa ya juu ya duka au nyumba ya jirani ya bosi, na chakula unakula chini, mara nyingi ghorofa ya chini ya ardhi, dakika ishirini au thelathini halafu unarudi kaunta. Mshahara unakatwa kwa hesabu kwamba umeshalala na umeshakula. Miaka ya 1840 duka linafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa tatu usiku, msimu wa mauzo hata saa nne au zaidi, na mkifunga mlango wa mbele bado kuna kukunja vitambaa vyote ambavyo wateja wamevikunjua siku nzima bila kununua, kupanga, kufagia. Jumla masaa 14 mpaka 16, siku sita. Kulala watu wawili kitanda kimoja ilikuwa kawaida tu.

Halafu sheria za nyumba. Mlango wa bweni unafungwa saa tano usiku, taa ya gesi inazimwa robo saa baadaye, ukichelewa unalala nje na kesho yake una kesi. Faini za peni tatu, peni sita, kwa kuchelewa, kwa kukosea kuandika risiti, kwa kumwacha mteja atoke bila kununua kitu. Kuna maduka yalikuwa na orodha ya sheria zaidi ya mia. Na ukifukuzwa kazi asubuhi, jioni huna pa kulala, vyote vinakwenda siku moja, kazi na kitanda. Hapo ndo unaelewa kwa nini hakuna aliyefungua mdomo. Mwanaume anayelala bwenini kuoa ilikuwa shida, maana mke atamweka wapi, na hata kura wengi wao hawakuwa nayo kwa sababu mtu wa bwenini hakuhesabika kuwa na makazi yake. Mtu mzima wa miaka 30, ana tai na koti jeusi, anaongea kizungu cha adabu na wake za matajiri, usiku anafungiwa kama mtoto wa boding.

Upande wa mafunzo ndo kuna utani mbaya kabisa. Kijana alikuwa anaingia kama mwanagenzi, miaka mitatu, minne, mitano, na mara nyingi mzazi ndo anamlipa mwenye duka ili mwanae afundishwe biashara. Kisha kijana anafundishwa nini? Anafagia, anafuta vumbi, anabeba mizigo, anakimbizwa kupeleka sampuli, anaokota pini chini. Akiwa na bahati mtu mzima mmoja kaunta anamfundisha kutofautisha hariri na kitu kinachojifanya hariri. Hesabu za biashara, kuagiza mzigo, kuandika vitabu, hivyo anaviona kwa mbali kwenye ofisi ya kioo. Na hata angetaka kujisomea mwenyewe, atajisomea saa ngapi? Unatoka kazini saa tatu, mlango saa tano, taa inazimwa.

H. G. Wells, yule mwandishi, alipitia hiyo hiyo. Mama yake alimpeleka duka la vitambaa Southsea mwaka 1881, akiwa na miaka 14, mkataba wa miaka minne, masaa 13 kwa siku na kulala bwenini. Miaka miwili ikamshinda. Jumapili moja akatoka bila kumuaga mtu, akatembea kwa miguu kama maili 17 mpaka Uppark, nyumba kubwa ambako mama yake alikuwa msimamizi wa watumishi, kwenda kumwambia mama sirudi tena. Mama analilia hela aliyolipa, mtoto anasema bora nife. Mwaka 1883 akaachiwa, akaenda kufundisha shule na kusoma. Yeye alikuwa na pa kukimbilia, sasa wale ambao mama yao yuko maili 200?

Turudi kwa wale vijana 12 wa 1844, na kinara wao. George Williams alizaliwa 1821 shambani Dulverton, Somerset, mtoto wa mwisho kati ya wavulana wanane. Inasimuliwa kwamba kijana aliangusha gari la nyasi kwenye mtaro, familia ikaona huyu kilimo hapana, wakampeleka Bridgwater kwa muuza vitambaa akajifunze kazi. Huko akaokoka, kama tunavyosema sisi. Mwaka 1841 akaingia London, akapata kazi kwa Hitchcock & Rogers, duka kubwa, wafanyakazi kama 140 wanalala humo humo.

Alichokiona bwenini hakikumfurahisha. Vijana wa miaka 17, 18, wametoka mikoani, hawana ndugu mjini, wamechoka hawajiwezi, na saa mbili walizonazo kabla ya mlango kufungwa pa kwenda ni baa, au kwa wanawake, au kukaa chumbani kusikiliza stori chafu. Williams akaanza na wenzake wachache kusali chumbani kwake. Wakaongezeka. Chumba kikajaa wakahamia kikubwa zaidi. Mwisho wa Mei 1844, Jumapili usiku, anavuka daraja la Blackfriars na mwenzake wa kazini Edward Beaumont, akamwambia mbona hiki kitu tusikipeleke maduka mengine yote ya London. Siku chache baadaye wakakaa wale 12. Walitoka madhehebu tofauti, Anglikana, Wabaptisti, Wamethodisti na wale wa Congregational, na kwa England ya wakati ule kuwakalisha hao chumba kimoja bila kugombana lilikuwa jambo. Lengo waliloandika lilikuwa kuboresha hali ya kiroho ya vijana wa biashara ya vitambaa na biashara nyingine.

Ya kiroho, soma tena hilo neno. Sio masaa, sio mshahara, sio kitanda. Mi sina ugomvi na maombi, nimelelewa nayo, lakini ukisoma kama mtu anayefanya uchambuzi unaona hapo walichagua sehemu ya tatizo ambayo bosi hawezi kuikataa.

Na bosi hakukataa kweli. George Hitchcock mwenyewe aliguswa, akawa mweka hazina wa kwanza wa chama, akaleta mchungaji wa kuwahudumia wafanyakazi wake, na akasimama na watu waliokuwa wanahimiza maduka yafunge mapema. Chama kikakodi chumba kwenye mgahawa wa kahawa kule Ludgate Hill, baadaye wakapata mahali pazuri zaidi, mwaka 1845 wakaajiri katibu wa kulipwa. Halafu wakafanya kitu ambacho kwangu ndo cha maana kuliko vyote, wakaanzisha maktaba, madarasa ya jioni, na mihadhara ya wazi ambayo kwa miaka karibu 20 ilijaza ukumbi wa Exeter Hall. Kijana wa kaunta akapata mahali pa kwenda jioni ambapo hauziwi bia, kuna joto, kuna taa, kuna kitabu na mtu wa kuzungumza naye vitu vya akili. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa shule. Ndo maana ilishika kasi namna ile, 1851 iko Montreal na Boston, 1855 wakakutana Paris kimataifa.

Lakini ona masharti yaliyojificha. Ili kijana aje darasani saa mbili usiku, lazima duka lake liwe limefunga saa mbili. Kwa Hitchcock sawa, bosi kaokoka. Kwa jirani mlango wa pili je? Kulikuwa na chama kingine tangu 1842, cha kuhimiza kufunga mapema, chenyewe kinategemea kuwaomba wenye maduka na kuwaomba wateja, jamani nunueni mchana. Watu wazuri tu, maaskofu na madaktari wakiongea kuhusu afya ya vijana. Shida ya kuombana ni ile ile ya daladala kwenye foleni, wote wanakubali kwamba kuchomekea ni vibaya, anatokea mmoja anachomekea na wengine wote wanafuata. Ukifunga saa moja na jirani yako hajafunga, mteja anaingia kwa jirani. Basi makubaliano ya mtaa mzima yanadumu mpaka tamaa ya mmoja.

Na kuna jambo lingine ambalo watu wa YMCA wasingependa kulisikia. Vijana wa duka wenyewe hawakujiona wafanyakazi. Fundi wa kiwandani ana mikono ya mafuta, ana chama, ana mgomo. Huyu wa kaunta ana koti, anajiona ni bosi mtarajiwa. Na mfano walionao mbele ya macho yao ni nani? Ni Williams mwenyewe! Mwaka 1853 alimuoa Helen, binti wa Hitchcock, akawa mbia, duka likawa Hitchcock, Williams & Co. Kijana aliyelala bwenini sasa ndo mwenye bweni. Nani atagoma wakati kila mmoja anawaza na mimi labda nitamuoa binti wa bosi? Wavulana 140 na binti yule mmoja, piga hesabu mwenyewe.

Simsemi vibaya Williams, aliitumikia YMCA maisha yake yote, Malkia Victoria akampa heshima ya Sir mwaka 1894, mwaka ule ule wa samaki na chipsi. Ila angalia hata wakubwa waliokuwa naye. Lord Shaftesbury alikuwa rais wa YMCA kuanzia 1851, na ndo huyo huyo aliyekuwa mstari wa mbele kupigania sheria ya masaa 10 kwa wanawake na vijana wa viwandani, ile ya 1847. Kwa kiwanda cha pamba, sheria na mkaguzi. Kwa duka linalouza hiyo hiyo pamba, mihadhara. Sheria ya kwanza ya kugusa masaa ya vijana wa maduka ilikuja 1886, ikasema aliye chini ya miaka 18 asizidishe masaa 74 kwa wiki. Masaa 74 ndo ukomo! Na hakukuwekwa mkaguzi wa kuisimamia, mpaka 1892 ndo halmashauri zikapewa ruhusa ya kuteua wakaguzi.

Hapo sasa ndo Bondfield anaingia, na anachofanya ni tofauti kabisa na watu wote hao. Yeye alianza kazi ya duka Brighton akiwa na miaka 14, alienda kutembelea ndugu akapata kazi, akakaa miaka mitano bila kurudi kwao Chard. Alikuta bosi mzuri mwanzoni, halafu akaonja na wengine. London alizunguka miezi mitatu akiomba kazi, njaa ya kweli. Baada ya kujiunga na chama akaanza kuandikia jarida la chama kwa jina la bandia, Grace Dare, na alikuwa anaandika usiku bwenini. Wenzake wakishalala anawasha kimshumaa cha nusu peni, anatundika taulo kwenye mgongo wa kiti kuziba mwanga ili asimwamshe mtu wala asionekane, maana mwanga usiku ni kosa. Fikiria hicho kipicha. Bweni limejaa wasichana wamelala fofofo, pembeni kuna kona moja ya njano nyuma ya taulo.

Mwaka 1896 baraza moja la wanawake lililokuwa linachunguza kazi za wanawake viwandani na madukani likamwomba afanye uchunguzi wa ndani. Basi kwa miaka miwili akawa anaomba kazi duka hili, anakaa muda mfupi, anaacha, anaenda lingine. Anaandika kila kitu. Masaa mangapi, mshahara kiasi gani na baada ya faini kinabaki kiasi gani, chakula cha jioni ni nini, chumba kina vitanda vingapi, kuna mahali pa kuogea au hakuna. Matokeo yakatoka 1898 na mwaka uliofuata akaandika kwenye jarida la wachumi. Wachumi walizoea kuhesabu tani za makaa ya mawe, leo wanaletewa hesabu ya vitanda na mkate wa siagi.

Tofauti na Williams ni nini hasa? Wote wawili walilala bwenini, wote wawili walisikitika. Williams aliomba chumba ndani ya nyumba ya bosi. Bondfield alihoji kwa nini kijana mzima alale nyumba ya bosi kabisa. Chama chake, kilichoundwa 1891, kikafanya suala la bweni kuwa vita kuu, lipeni mshahara kamili mkononi, mtu akapange anapotaka. Wenye maduka wakajibu kwamba bweni linalinda maadili ya mabinti, hoja ambayo ukiisikiliza vizuri utagundua inalinda pia mtu asiondoke saa mbili usiku wakati kuna mzigo wa kupanga. Hata sisi hoja hii tunaijua, kijana anayelala stoo mjini anaambiwa unajifunza biashara, tena umepewa malazi ya bure, na usiku huo huo ndo mlinzi wa mali.

Mabadiliko yalikuja vipande vipande, mengine ya kuchekesha. Mwaka 1899 bunge likapitisha sheria ya viti, kila wasichana watatu wa kaunta kiti kimoja, yaani wawili wanasimama wa tatu anapumzika. Ilipiganiwa kweli, maana miguu ya hao mabinti ilikuwa imeharibika kwa kusimama masaa 12. Ila kiti kuwepo na kuruhusiwa kukikalia bila msimamizi kukukodolea macho ni vitu viwili. Mwaka 1911 ikaja sheria ya nusu siku, kila mfanyakazi wa duka siku moja kwa wiki atoke saa saba na nusu mchana. Hii ndo ningeipa alama nyingi zaidi, kwa sababu haikumwomba jirani, ilimfungia jirani naye.

Ukishaipata hiyo jioni ndo mafunzo yanaanza kuwa na maana. Pale Regent Street, Quintin Hogg alikuwa ameshafungua Polytechnic mwaka 1882, madarasa ya jioni ya lugha, uhasibu, ufundi, na vijana wa maduka walikuwa wanaingia wale ambao bosi aliwaachia mapema. Darasa lilikuwepo miaka yote hiyo, mwalimu yupo, taa inawaka, tatizo ni mwanafunzi yuko kaunta anakunja vitambaa. Kwa hiyo mtu akiniuliza kisa hiki kinahusu nini, mafunzo au masaa au malazi, namwambia ni kitu kimoja, ukishika funguo za kitanda cha mtu umeshika na daftari lake.

Kulala dukani kulianza kufifia taratibu baada ya vita ya kwanza ya dunia, hakukufutwa kwa siku moja. Bondfield mwaka 1929 akawa Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza kuingia baraza la mawaziri Uingereza, akakutana na mdororo wa uchumi na mambo yakamwendea vibaya, hiyo ni stori nyingine. Mwaka 1934 ndo ikapita sheria iliyosema aliye chini ya miaka 18 dukani masaa 48 kwa wiki, basi. Kutoka 74 mpaka 48.

Williams alishafariki 1905, akazikwa ndani ya kanisa kuu la St Paul's, hatua chache kutoka dukani kwake. Usiku wa 29 Desemba 1940 ndege za Wajerumani zilimwaga moto mtaa mzima kuzunguka hilo kanisa, na duka la namba 72 likaungua, pamoja na kile chumba cha juu. Kanisa lilibaki. Ile sheria ya masaa 48 ilikuwa na miaka sita.